Vijumba Vilivyoipa Barabara Mgongo

"Ni wewe uliyewapeleka! Usinikodolee macho, Cleophus. Sema, ni wewe!"

"Ndiyo, ni mimi. Kwani nimeficha?"

"Verlene! Unamsikia mwanao? Anasema hajaficha!"

Bi Verlene alikuwa anasikia. Hata kuku kule nje walikuwa wanasikia, maana mzee Otha Grissom akianza kupiga kelele hapigi nusu. Alikuwa kasimama katikati ya jiko, kofia kichwani, magoti ya suruali meupe kwa chokaa, kwa sababu tangu alfajiri alikuwa ndani ya vijumba anapaka kuta awatengenezee wageni. Na wageni ndio hao hao wanaogombewa sasa. Chama cha wasusi weusi wa Arkansas, wanawake wa kitana cha moto na mafuta ya nywele, kila mwezi wa nane wanakuja kwa Grissom wiki nzima. Wanajaza vijumba vyote, wanalala wawili wawili, wanacheka kutwa, wanasukana uani bure. Walikuwa wafike leo. Badala yao kafika Cleophus na gari lake bovu, na habari kwamba wasusi wameshashukia Hoteli ya Belvoir, mjini, na mabegi yao yote.

Belvoir! Mpaka juzi, mtu mweusi akionekana ndani ya Belvoir basi ana sinia mkononi.

"Baba, nisikilize kidogo."

"Nimekusikiliza tangu uzaliwe."

"Tumekaa kwenye ngazi za hoteli ile tangu kipindi cha baridi. Tumemwagiwa maji. Nimewekwa ndani, wewe mwenyewe ulikuja kunitoa. Sheria ya kukataza ubaguzi mahotelini imepita mwaka juzi na wao bado wanasema vyumba vimejaa. Sasa wamekubali. Wamefungua mlango. Aingie nani? Niingie mimi na wenzangu wawili, tunywe soda, tutoke? Walikuwa wanangoja tuaibike. Lazima waingie watu wengi, watu wazima, wenye mabegi na kofia za kanisani. Ndiyo nikamfuata Bi Odessa nikamwomba."

"Ukamwomba."

"Nikamwomba."

"Ukatoka hapa, ukiwa umeshiba chakula cha mama yako, ukaenda kumwomba Odessa Tarrant asije kwa mama yako."

Cleophus akashika mgongo wa kiti. Kijana alisoma, ana maneno, polisi wenyewe walikuwa wanachoka naye. Lakini hilo alikuwa hajalipanga kichwani namna hiyo.

"Otha, mwache apumue," Bi Verlene akasema bila kugeuka. Alikuwa anageuza kuku kwenye mafuta.

"Apumue, nani kamziba pua? Mimi niliwaambia nyote wawili, humu humu jikoni. Wasusi wakija, tunaendelea mwaka mwingine. Wasipokuja, nampa Stroud jibu lake. Na Stroud anakuja leo jioni, nikisema ndiyo ananipeleka ofisini kwake kuweka sahihi. Haya! Si mmesikia? Leo jioni!"

Stroud ni Mzungu mwenye machimbo ya kokoto. Anataka kiwanja awe analaza malori yake. Miaka yote alikuwa anasimamisha gari barabarani, anapiga honi, Bi Verlene anatoka mbio na mayai. Hajawahi kushuka. Mpaka leo anapaita pale "mabanda yako yale", na mzee Otha hajawahi kumsahihisha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyotaka Wazungu waamini. Alivijenga vile vijumba kwa makusudi vimeipa barabara mgongo. Milango yote inatazama msituni. Upande wa barabara ni ukuta mweupe mrefu wenye vidirisha vidogo juu kabisa, na kuku wanachakura chini. Magari ya wageni yalikuwa yanalazwa nyuma, uani. Kibao hakuna. Mtu wetu aliyekuwa anasafiri alielekezwa kwa mdomo: ukipita daraja la chuma, ukiona mabanda meupe ya kuku, zima taa, ingia. Wakati ule nyumba ya wageni weusi ikijionyesha sana, inaungua. Ile ya Grissom haikuungua.

Sasa watu wanapita na kiyoyozi kwenye gari, na wanalala popote wanapotaka.

"Halafu na hawa kuku nao," Bi Verlene akasema.

Wote wakamtazama. Meza nzima ilikuwa imejaa kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, keki ya siagi iliyokatwa vipande. Na ukutani, mpaka juu darini, maboksi ya viatu. Mwaka mzima anaokota maboksi ya viatu, kanisani, kwa jirani, dukani. Mgeni wa Grissom haondoki mikono mitupu. Anapewa boksi lake, la njiani, maana zamani ukitoka pale ungeweza kuendesha gari siku nzima usipate mkahawa wa kukuuzia hata chai.

"Watakula wenyewe huko huko," mzee akasema. "Belvoir kuna jiko. Hata sisi weusi tunalijua lile jiko, ndimo tulimokuwa tunapika."

Bi Verlene akafuta mikono, akavua aproni, akaitundika. Akaanza kupanga kuku ndani ya maboksi, mmoja mmoja, na karatasi ya nta chini.

"Cleophus, washa gari."

"Unaenda wapi?" mzee akauliza.

"Kumwona Odessa."

"Usiende kumlilia yule mwanamke, Verlene."

"Siendi kumlilia. Napeleka kuku. Kumpelekea mtu kuku si kulia."

Akaenda chumbani kuvaa kofia yake ya kanisani, ile ya buluu yenye wavu.

* * *

Cleophus alimshusha mama yake mbele kabisa ya hoteli, kwenye ngazi zile zile alizokuwa anakalia. Akampa maboksi, mikononi na kwapani, mpaka akawa haoni vizuri mbele. "Nipaki nije, mama. Ingia tu. Mlango ule mkubwa. Ni wako sasa."

"Nenda kapaki," Bi Verlene akasema.

Alikuwa anamuwaza Odessa. Alikuwa anapanga maneno: Odessa, tumetoka mbali. Odessa, yule mzee ataiuza nyumba leo jioni. Hapana, usiseme hivyo, sema hivi. Akawa anatembea huku anapanga. Akapita maua. Akapita mapipa ya taka. Akasukuma mlango kwa bega, na moshi wa nyama ukampiga usoni, ndipo akashtuka yuko wapi.

Yuko jikoni.

Mpishi mmoja, Lonzo, mzee wa kanisani kwao, akatazama kofia yake, akatazama maboksi. "Dada Verlene? Umeleta mzigo wa nani?"

Hakuna aliyemwambia apite kule. Hakuna mtu aliyenyoosha kidole. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, mwanawe kalala jela kwa ajili ya mlango ule, na miguu yake yeye ikauzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Wasusi," akasema. "Naleta kuku wa wasusi."

"Pita hapa basi, utokee mapokezi." Lonzo alikuwa na huruma, akamfungulia mlango wa ndani. Na hiyo ndiyo ikaharibu zaidi. Akatokea mapokezi akitokea jikoni, na maboksi, na jasho. Kijana wa Kizungu wa pale kaunta akainua kichwa.

"Wafanyakazi hawapiti huku mchana. Si mmeambiwa?"

"Samahani, bwana," Bi Verlene akasema.

Limemtoka hivyo hivyo. Samahani, bwana. Kijana mwenyewe hata ndevu hana.

"VERLENE GRISSOM!"

Sauti hiyo, hata ukiwa kaburini utaijua. Odessa Tarrant, rais wa wasusi, mwanamke mpana wa kifua na nywele zilizosimama kama taji, alikuwa anashuka ngazi za zulia kwa gauni la njano. "Huyo si mfanyakazi wako, kijana! Huyo ni mgeni wangu! Mbebee hayo maboksi. Mbebee, nasema. Chumba chetu unakijua."

Na yule kijana akabeba. Bi Verlene akamfuata nyuma, macho kwenye zulia. Ingekuwa siku nyingine angefurahi mpaka aimbe.

* * *

Chumbani kulikuwa na wasusi mpaka kwenye dirisha. Viatu vimevuliwa, taulo zimetandikwa vitandani, na kabla Bi Verlene hajakaa sawasawa maboksi yalikuwa yameshafunguliwa.

"Bwana asifiwe," akasema mmoja, Juanelle, mwembamba, mcheshi. "Dada Verlene, tuokoe. Kuku tuliyepewa mchana hapa hajachinjwa. Kafa mwenyewe kwa huzuni."

"Na chumvi hawaijui!"

"Wametuweka tungoje mpaka Wazungu wote wamalize kula. Halafu wanasema, 'Samahani, mahindi yamekwisha.' Mimi namwona jirani yangu ana mahindi!"

"Fungeni mlango, harufu itatoka."

"Itoke! Wajue kuku anavyonukia."

Wakacheka. Bi Verlene akacheka nao kidogo. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma dirishani, baridi imemshika mabegani, nzuri, huwezi kusema si nzuri.

"Bwawa je?" akauliza. "Cleophus kaniambia mnataka kuogelea."

 Juanelle akaanza kucheka tena peke yake, cheko la kuchoka. "Mwambie, Odessa."

"Limeharibika," Odessa akasema. "Asubuhi ya leo. Ghafla. Tumefika, tumekuta wanatoa maji. Eti kuna ufa."

"Ufa umetuona sisi ndio ukajitokeza!"

"Sasa tumefanya nini, Verlene? Tumevaa nguo zetu za kuogelea, tumevaa miwani ya jua, tumekaa kando ya shimo tupu. Tangu tulipofika. Wanapita, wanatuangalia. Na sisi tunajipaka mafuta."

Bi Verlene akaweka mkono kwenye goti la Odessa. Maneno yake yote ya njiani yakawa yamechanganyikana, akabaki na lile la kwanza tu. "Basi njooni nyumbani. Mzee amepaka chokaa. Vitanda nimeshatandika. Mnateseka hapa kwa ajili ya nini?"

"Tukiondoka leo, kesho lile shimo limejaa maji."

"Najua."

"Wanangoja tuondoke. Mwanao alituambia, na ni kweli. Tukivumilia wiki hii, mwakani hawana hila tena."

"Najua, Odessa. Mwakani je? Mwakani mtarudi kwetu?"

Wale wengine wakawa wanakula polepole, wakitazama maboksi yao. Odessa Tarrant alikuwa mtu wa kusema ukweli. Ndiyo maana walimchagua kila mara. Alifikiria kudanganya, ukaona kabisa uso unaenda huko, halafu ukarudi.

"Mwakani watakuwa wamelijaza, Verlene. Na hawa wasichana wangu watataka kuingia majini."

"Eeh."

"Usinichukie."

"Nikuchukie kwa nini? Nani asiyependa maji." Akasimama, akarekebisha kofia. "Yale maboksi yenye kamba ni ya njiani, ya siku ya kuondoka."

"Verlene," Odessa akasema taratibu, "siku hizi tunasimama kula njiani. Kuna mahali wanatupa."

"Chukueni tu," Bi Verlene akasema. "Nimeshayafunga."

* * *

Nyumbani, mzee Otha alibaki na kuku. Alizunguka uani. Akaingia kijumba cha kwanza, akakaa kitandani, akatoka. Akaingia kingine. Chokaa ilikuwa bado mbichi, inanukia vizuri. Tabia yake akiwa na hasira ni kutengeneza kitu, lakini kila kitu kilikuwa kimeshatengenezwa.

Barabarani kulikuwa na kibao. Cleophus ndiye aliyekileta wiki iliyopita, kakipaka rangi mwenyewe, herufi kubwa nyekundu: VYUMBA, WOTE KARIBU. Akakipigilia kwenye nguzo bila ruhusa. Mzee hakukingʼoa, maana mbao ilikuwa nzuri. Alikivisha gunia tu. Wiki nzima kikawa pale kama mtu anayengoja kunyongwa.

Sasa akakiendea. Akatazama huku na kule barabarani. Hakuna mtu. Akavuta gunia, likatoka kwa vumbi. Akalikunja vizuri, mara mbili, akalishika kwapani, akarudi kukaa kwenye benchi la ukutani. Moyo unamwenda mbio kama mwizi. Mzee mzima, kwenye kiwanja chake, jua linawaka.

Na gari likasimama.

Alisikia matairi kwenye kokoto kabla hajaliona. Gari refu, limejaa mizigo juu, vumbi la mbali. Akashuka Mzungu mwembamba mwenye shati la mikono mifupi, shingo imeungua jua. Nyuma watoto wawili wanapigana, mbele mke na ramani. Namba za gari za Iowa, kule kaskazini.

"Habari za mchana, bwana," Mzungu akasema.

Bwana! Hilo neno peke yake lilimtisha mzee Otha kuliko matusi. Mzungu anapokuita bwana lazima kuna kitu nyuma yake. Kofia ikatoka kichwani yenyewe, ikawa mkononi.

"Tumeona kibao chako. Tumechoka, watoto wamechoka. Una chumba?"

Anavyo. Anavyo vyote. Vitanda vimetandikwa, mashuka yamepigwa pasi, sabuni mpya kwenye kila beseni. Kibao amekifunua mwenyewe kwa mikono yake, sasa hivi. Alivuta pumzi aseme.

"Hapana, bwana," akasema. "Hapa ni mabanda ya kuku tu."

Mzungu akageuka akatazama ukuta mrefu. Hauna mlango. Una vidirisha juu kule. Tetea mmoja mwekundu akapita taratibu, akasimama, akajikuna.

"Lakini kibao kinasema..."

"Kibao cha zamani, bwana."

Sauti ilikuwa ile ile. Laini, ya kijinga kidogo, macho chini. Sauti aliyomsemesha nayo sherifu, mkuu wa polisi wa pale, usiku ule alipomficha mwanajeshi mweusi aliyetoka vitani na magwanda yake, watu wenye taa na mbwa wamejaa barabarani, wanauliza kuna nini mle. Mabanda ya kuku tu, bwana. Na mpiga tarumbeta mmoja aliyekuwa amelala kijumba cha tatu, mwenyezi Mungu amrehemu, akalia ko-ko-ko-koo kule ndani, vizuri kabisa, mpaka mbwa wakachanganyikiwa. Yule mwanajeshi alifika Chicago akiwa mzima. Sauti ile ilifanya kazi. Sasa imekataa kumwacha.

"Harold!" mke akaita garini. "Ni banda la kuku, twende zetu."

Mzungu alisita. Alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kumkatisha tamaa mzee. "Basi tuuzie mayai," akasema.

Mzee Otha akaenda akamletea mayai.

* * *

Cleophus alipokata kona aliona nguzo. "Mama! Katoa gunia! Mama, baba katoa gunia!" Akazima gari hata halijasimama sawasawa, akakimbilia jikoni. Bi Verlene akashuka taratibu, akavua viatu mlangoni.

Mzee alikuwa mezani, kofia mbele yake.

"Umetoa gunia," Cleophus akasema.

"Nimetoa."

"Kuna mtu amesimama?"

"Amesimama. Mzungu, na familia yake. Anataka kulala."

"Na?"

"Nimemuuzia mayai."

Cleophus hakuelewa. Akamtazama mama yake, akamtazama baba yake. "Mayai ya nini?"

"Nimemwambia hapa ni mabanda ya kuku." Mzee alisema kama anasoma gazeti. "Nilitaka kusema karibu. Nikasema mabanda ya kuku. Haya, cheka."

Cleophus hakucheka. Alikaa chini. Bi Verlene akatoa pini ya kofia yake, akaichoma kwenye kitambaa cha meza.

"Mimi nimepita mlango wa jikoni," akasema.

"Wapi?"

"Belvoir. Cleophus kaniacha kwenye ngazi za mbele kabisa. Nimezunguka nyumba nzima nikaenda kusukuma mlango wa jikoni. Na kijana wa kaunta nimemwomba samahani."

"Mama..."

"Sikukwambia kwenye gari. Ningekuambiaje?"

Mzee Otha akamtazama mkewe. Ndevu zake zikatikisika kidogo. Halafu kikaanzia tumboni, kicheko, kibaya, cha mtu aliyebeba mzigo siku nzima akaukuta ni mzigo wa mwenzake. Bi Verlene naye akashikwa.

"Ungelia na wewe ko-ko-ko," akasema, anafuta macho. "Kama yule wa tarumbeta. Yule Mzungu angekimbia mwenyewe."

"Kuku wa kweli alikuwepo. Alipita. Alinisaidia."

Wakacheka mpaka wakachoka. Cleophus alikuwa hacheki. Alikuwa ameinama mezani, anakuna rangi nyekundu iliyobaki kwenye kucha.

"Wasusi hawaji," mzee akasema. Hakuuliza.

"Wanakaa kando ya shimo tupu," Bi Verlene akasema. "Bwawa limetolewa maji. Na hawatoki. Na nisingetaka watoke."

"Mwakani?"

Akatikisa kichwa.

"Tutatoboa milango," Cleophus akaruka. "Baba, sikiliza. Upande wa barabara. Naweza kuleta vijana wa ngazi za hoteli, wote, tutatoboa ndani ya wiki moja. Tunaweka madirisha makubwa. Kiyoyozi kimoja kimoja. Taa! Yule Mzungu wa leo angeona milango asingeuliza mara mbili."

Ilikuwa ajabu kumsikia. Asubuhi alikuwa yeye ndiye anayezika, sasa ndiye anayefukua.

"Na nani atakaa pale mlangoni?" mzee akauliza. Safari hii hakupiga kelele. "Mimi? Umeona leo nilivyowakaribisha. Mama yako? Atamwambia mgeni apite jikoni. Tutoboe milango, sawa. Nani atakaa aseme karibu, na limtoke kweli?"

"Nitakaa mi..." Cleophus akaanza.

Mzee akangoja. Bi Verlene naye akangoja, na alikuwa anajua. Kule kifuani mwa mwanawe, mfukoni, kulikuwa na tiketi ya treni ya Chicago ya mwezi wa tisa. Ameiona alipofua shati. Kazi imeshapatikana, chumba kimeshapatikana. Kijana alitazama ukuta wa maboksi ya viatu. Alitazama mikono yake. Sentensi ikabaki vile vile, imekatika katikati, na hakuna aliyemsaidia kuimalizia.

"Haya," mzee akasema polepole. "Sikulaumu. Ulifungua mlango wa Belvoir. Mimi sikuweza."

Nje, honi ikalia. Mara mbili, kama kawaida. Stroud hashuki.

"Mayai?" Cleophus akauliza kwa hasira, anasimama. "Anataka mayai au anataka nyumba? Ashuke, agonge mlango! Baba, usitoke mpaka ashuke."

"Kaa, mwanangu."

"Anadhani ananunua mabanda!"

"Ndiyo, anadhani. Kakadiria bei ya mabanda." Mzee Otha akainuka, magoti yakalia. Akapiga vumbi la chokaa kwenye suruali, halikutoka. Akavaa kofia, akaiweka sawa kwa vidole viwili kama anaenda kanisani. Kisha akaenda ukutani kwenye ubao wa misumari, ambapo funguo za vijumba zilikuwa zinaning'inia, kila mmoja na kipande chake cha shaba chenye namba, akaanza kuzitoa. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, wa kijumba cha mpiga tarumbeta. Zote. Akazitia mfuko wa koti mpaka ukaning'inia.

"Za nini hizo, Otha?" Bi Verlene akauliza. "Si anavibomoa?"

"Namwekea juu ya meza yake, ofisini kwake, kabla sijaweka sahihi. Banda la kuku halina ufunguo wenye namba. Ajue anabomoa nini. Halafu tuzungumze bei upya."

Honi tena. Ndefu.

Bi Verlene alikuwa ameshageuka kwenye jiko. Akachukua boksi moja la viatu, akaweka vipande viwili vya kuku, yai, keki, akalifunga kwa kamba, akaifunga fundo lile lile. Akalinyoosha mbele ya mumewe.

"Verlene. Ni mjini tu hapo. Kuna mikahawa pande zote mbili za barabara. Nikisikia njaa nitaingia popote."

"Najua," akasema. Mkono haukushuka.

Mzee akalitazama lile boksi, akamtazama mkewe. Akalipokea, akaliweka kwapani pale alipokuwa ameshika gunia. Akavuka uani katikati ya kuku, mfuko unalia funguo kila hatua, hakwenda kule nyuma kwenye njia ya vijumba. Akaenda moja kwa moja kwenye geti dogo la upande wa barabara, ambalo miaka yote Bi Verlene alilitumia kupeleka mayai. Akatoka, akalifunga nyuma yake.